Kijana akinyamaza kwenye mazoezi ya ngoma: hatua ninazofuata

Ninafundisha vijana wa miaka 13 hadi 18 ngoma za Kigiriama hapa Malindi, jioni wakitoka shule. Mwili husema kabla ya mdomo, na mwalimu wa ngoma anautazama kila wiki.

Hatua ya 1: Anzeni na duara. Dakika tano zatosha. Ita kila mmoja kwa jina, aonyeshe kwa vidole, kimoja hadi vitano, ameamkaje. Asihojiwe. Nawe onyesha chako, kiwe cha kweli.

Hatua ya 2: Tuliza pumzi. Tikisa kayamba polepole: vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa sita. Pumzi ikitoka taratibu, mapigo ya moyo hupungua. Zile mbegu ndani ya matete hulia kama wimbi dogo linalorudi baharini.

Hatua ya 3: Sahihisha mchezo, si mtoto. Hapa nilikosea vibaya. Binti mmoja alikuwa akichelewa mdundo wa gonda, ngoma yetu ya Kigiriama, nikamwambia mbele ya wenzake, "Leo mzito kama gunia." Walicheka, naye akacheka. Lakini mkono wake uliishika leso, akaivuta kufunika nyonga, na hakuiachia hadi tulipomaliza. Majuma matatu hakuonekana. Tangu hapo maneno ya unene, wembamba na rangi ni marufuku, kwangu kwanza. Nasema, "Goti kwanza, kisha bega." Na asiyetaka kuvaa hando, ile sketi ya asili ya Kigiriama, hupiga kayamba au huongoza wimbo, bila kuulizwa sababu.

Hatua ya 4: Hesabu siku. Siku moja mbaya ni kawaida. Wiki mbili mfululizo za kujitenga, kukosa usingizi au kuacha alichokipenda, usingoje zaidi. Nyumbani huenda wakataja jini au husuda. Usibishane nao, ila wasiache kumpeleka hospitali.

Hatua ya 5: Zungumza naye pembeni, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Sisi hukaa chini ya mwarobaini. "Mwanangu, naona siku hizi wakaa nyuma. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Kimya hicho ni kizito, kivumilie. Usimwahidi siri, mwambie mapema kwamba akiwa hatarini utatafuta msaada. Ukihofia anawaza kujiua, muulize waziwazi. Swali halimtii wazo hilo kichwani, humfungulia njia ya kulisema. Akikubali, usimwache peke yake hata dakika moja, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Usibebe peke yako. Sisi si madaktari. Simu ya watoto ni 116, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Zote bila malipo. Mzazi ajulishwe, isipokuwa madhara yanapotoka nyumbani. Hapo anza na 116.

Akiwa kwenye matibabu, nafasi yake mstarini ibaki wazi. Akirudi, mwite kwenye duara kama wengine, na mdundo uanze.