Rejeta ikae wapi, na kochi likae wapi

Kwa mtu aliyekulia Dar, Mombasa au Bujumbura, rejeta ni kitu cha gari. Ikivuja inachomelewa, safari inaendelea. Ukifika Leeds au Hamburg ndipo unakutana na ya nyumbani: bapa, nyeupe, imefungwa ukutani chini ya dirisha, maji ya moto yanazunguka ndani yake kutoka kwenye boila, mtambo unaopasha maji ya nyumba. Na karibu kila mgeni huuliza jambo lilelile: kwa nini wameiweka pale penye baridi kuliko pote? Joto si linaishia nje?

Kumbuka kiyoyozi cha nyumbani. Kinatundikwa juu, karibu na dari, kwa sababu hewa baridi ni nzito na itashuka yenyewe. Rejeta inafungwa chini kwa sababu hewa ya moto itapanda yenyewe. Hakuna feni, kazi kubwa inafanywa na hewa inayotembea. Sasa tazama dirisha. Usiku wa Januari kioo ndicho kitu baridi kuliko vyote chumbani. Hewa inayokigusa inapoa, inateremka kama maji mpaka sakafuni, halafu inatambaa hadi kwenye vifundo vya miguu yako. Unahisi upepo na dirisha limefungwa kabisa. Nimeona watu wakibandika tepu fremu nzima wakitafuta tundu ambalo halipo. Rejeta iliyo chini ya dirisha inaikamata hewa hiyo kabla haijafika chini, na chumba kizima kinakaa sawasawa. Ukiihamishia upande wa pili, utakaa na mgongo unaotoka jasho na miguu iliyo kwenye baridi ya Makete mwezi wa sita.

Ni kweli joto fulani linapotelea ukutani. Ndiyo maana katika nyumba mpya, zenye madirisha ya vioo viwili na kuta zilizojazwa kizuia joto, sababu ya zamani imepungua nguvu. Humo unaweza kuifunga rejeta kwenye ukuta wa ndani bila kujuta: mabomba yanakuwa mafupi, na joto linalopenya ukuta linaingia chumba cha pili, si barabarani. Lakini kwenye nyumba kuukuu ya matofali yenye kioo kimoja, mimi nisingeitoa chini ya dirisha.

Hayo ni ya mwenye nyumba yake. Wengi wetu tumepanga, na rejeta ya kupanga haihami. Kinachohama ni kochi.

Sisi tumezoea kuota moto. Jiko la makaa linawekwa katikati, watu wanalizunguka, aliye karibu zaidi ndiye anayefaidi. Basi tukiingia nyumba ya Ulaya tunalisukuma kochi kubwa mpaka ligusane na rejeta, tuketi tukipashwa mgongo. Hapo umeziba mlango wa hewa. Rejeta inaingiza hewa baridi kwa chini na kuitoa ya moto kwa juu, na kochi limesimama kama askari njiani. Kochi linapata joto, wewe unapata kidogo, chumba hakipati kitu. Livute mbele angalau sentimita 20 hadi 30. Kama chumba ni kidogo kiasi kwamba haiwezekani, ni afadhali kiti chembamba chenye miguu mirefu kikae pale, na kochi liende ukuta mwingine.

Pazia ni kosa la pili, na kwa maoni yangu ndilo linalokula gesi zaidi. Tunapenda pazia refu, zito, linaloburuta chini, na nyumbani kwetu linapendeza. Hapa, likiteremka mbele ya rejeta, joto lote linapanda nyuma yake kuelekea kwenye kioo. Unapasha bustani. Likate liishie kwenye kizingiti cha dirisha, au usiku lichomeke nyuma ya rejeta. Kama kuna ubao wa dirisha unaotokeza juu ya rejeta, usijaze maua na picha mpaka hewa ikose njia. Ubao huo unasaidia kuitupa hewa ya moto katikati ya chumba.

Halafu kuna ile koki yenye namba 1 mpaka 5. Watu wanaisoma kama jiko la gesi, kwamba 5 ni moto mkali zaidi. Sivyo. Kichwa cha koki kinapima joto la hewa inayokizunguka na kufunga maji hewa ikifikia kiwango ulichochagua. Ukiweka 5 chumba hakipati joto haraka zaidi, kinachelewa tu kuacha. Sasa, kichwa hicho kikifunikwa na pazia au mkono wa kochi, kinazungukwa na hewa ya moto iliyonaswa, kinaamini chumba kimeshapata joto, kinafunga. Wewe unatetemeka na koki inasoma 5. Kabla hujampigia simu mwenye nyumba, angalia kama kichwa kinapumua.

Ndugu yake ni thamostati ya ukutani, kifaa cha kupimia joto, mara nyingi kwenye korido, inayoiamrisha boila ya nyumba nzima. Isikae juu ya rejeta, juani, wala mbele ya mlango wa nje. Ikidanganywa na jua la mchana, boila inazimika na vyumba vya nyuma vinaganda.

Ujerumani, kwenye rejeta nyingi za maghorofa utakuta kidude kidogo kimebandikwa kwa mbele. Usikitoe wala usikifunike, kinatumika kugawa bili ya jengo kati ya wapangaji.

Ukijaliwa nyumba yako, au mwenye nyumba akiuliza maoni, mambo ni machache. Chini ya dirisha chagua rejeta ndefu ya mlalo, inayokaribia upana wa dirisha. Nyembamba iliyosimama haitazuia ile hewa inayoteremka. Acha kama sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni. Usiifunge nyuma ya mlango unaofunguka kuielekea, wala chini ya soketi ya umeme. Kwenye nyumba ya ghorofa, rejeta iliyo chini ya ngazi itapasha juu kuliko chini, kwa hiyo mlango wa sebule ubaki umefungwa. Bafuni, ile ngazi ya chuma ya kuanikia taulo inapendeza, lakini ukishaifunika taulo inatoa joto kidogo sana. Kama bafu ni kubwa, weka na rejeta ya kawaida.

Kitanda cha mtoto kikae mbali na rejeta kabisa. Inaweza kuunguza ngozi, na hapa Uingereza wanashauri chumba cha mtoto mchanga kiwe kati ya nyuzi 16 na 20, jambo ambalo bibi akija kutembea hatalikubali.

Nguo mbichi juu ya rejeta ndilo shauri ninalojua halitasikilizwa. Najua, kamba ya kuanikia haipo na mvua haiishi. Ila maji yote yaliyo kwenye nguo yanaingia hewani, yanatafuta ukuta baridi, na ukuta baridi kuliko yote ni ule wa nje ulio nyuma ya kabati lako. Mwezi mmoja baadaye kuna ukungu mweusi pembeni na kikohozi cha watoto. Basi kabati lihamie ukuta wa ndani, au livutwe kidogo hewa ipite, na nguo zikaushwe kwenye chumba kimoja, mlango umefungwa, dirisha limeachwa wazi kidogo.

Umeshahamisha kila kitu na rejeta bado haifai? Iguse. Juu baridi na chini moto, ndani kuna hewa. Zima mfumo, subiri ipoe, fungua tundu la juu pembeni kwa ufunguo wake mdogo unaouzwa maduka ya vifaa, shika kitambaa, na ukiona maji yanatoka funga, kisha angalia presha ya boila. Juu moto na chini baridi, ni matope, mwite fundi. England, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba atengeneze mitambo ya kupasha joto nyumba na maji, kwa hiyo usilipe wewe. Mwandikie barua pepe yenye picha na tarehe. Na kama kuna rejeta inayotakiwa kuhamishwa, iombe iwe mwezi wa saba, kwa sababu ili kuihamisha huenda wakamwaga maji ya nyumba nzima, na fundi akichelewa siku mbili hutalala na koti.