Kuweka gemu yako ya Godot itch.io ichezwe kwenye brauza

Juzi dogo wa jirani kaja na laptop, kamaliza gemu yake ya kwanza, daladala inakwepa mashimo huku abiria wanaongezeka kila kituo, tamu kweli, ila alikuwa anawatumia washkaji faili la exe WhatsApp na nusu yao wana simu tu. Nikamwambia tuiweke itch.io, tovuti ya kuwekea gemu watu wacheze, kazi ya robo saa. Tulilala saa nane usiku.

Kwanza tumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, toleo la 4.3 au zaidi. Ni ya bure, leseni ya MIT, hata gemu ikikulipa hakuna anayekuja kudai asilimia. Andika kwa GDScript, lugha ya kodi ya Godot yenyewe, maana kwenye 4.3 mradi wa C# hautoki kwenda kwenye brauza. Juu kulia chagua Compatibility, ndo njia ya kuchora picha za gemu, brauza inakubali hiyo tu.

Hatua ya 1. Editor, Manage Export Templates, daunlodi. Faili lake ni karibu GB 1, kwa hiyo usithubutu na bando la mchana.

Hatua ya 2. Project, Export, Add, Web. Thread Support iache imezimwa. Toleo la 4.0 mpaka 4.2 halikuwa na hiyo ruhusa ya kuzima, ndo maana watu walikuwa wanalia na kosa la SharedArrayBuffer, kitu cha brauza ambacho thread haziendi bila hicho. Kama umeng'ang'ania toleo la zamani, itch.io kuna kisanduku cha jina hilohilo, kitiki. Faili liite index.html, liweke kwenye folda tupu.

Hatua ya 3, hapa ndo penye kazi. Usibofye index.html mara mbili, haitafunguka hivo. Fungua terminal ndani ya folda, andika python -m http.server 8000, halafu nenda localhost:8000. Ya dogo ikafunguka, barabara ipo, mashimo yapo, abiria hakuna. Ukiichezesha ndani ya Godot kwenye Windows wapo wote! Mimi hili lilishanila siku mbili na bado halikunijia haraka. Bonyeza F12, nenda Console, usome mistari myekundu, kwake ilikuwa inatafuta res://picha/Abiria3.png wakati faili linaitwa abiria3.png. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, gemu ikishafanyiwa export inajali. Na kosa lake lilijificha, maana jina alikuwa analiunga kwenye kodi, "Abiria" + str(n) + ".png", kwa hiyo hata ukitafuta Abiria3 kwenye kodi huipati. Ukibadilisha jina libadilishie ndani ya Godot sio kwenye folda za Windows, yenyewe itarekebisha kwenye sini zako, ila majina ya kuungwa kama hayo haiyaoni, pitia kwa macho. Na kama unabadilisha ukubwa wa herufi tu, mimi naliita faili jina lingine kabisa kwanza ndo narudi kwenye ninalotaka. Siku hizi kila faili langu ni herufi ndogo, hamna nafasi, mistari ya chini tu, abiria_3.png, na anayeniletea picha inaitwa Final MPYA (2).png namrudishia.

Hatua ya 4. Ingia kwenye folda, chagua mafaili yote, yazipu hayo mafaili yenyewe sio folda. itch.io chagua HTML, pakia, tiki kwamba faili litachezwa kwenye brauza, bei weka No payments. Ukurasa unaanza kama Draft, wewe utauona ila washkaji watapata 404, badilisha uwe Public.

Kingine, brauza haitoi sauti mpaka mtu aguse skrini, kwa hiyo muziki usiuanzishe kabla, weka kitu cha kugusa kwanza. Dogo kamweka konda mlangoni, ukimgusa anapiga bodi, gari linaondoka.