Mzinga hauna malkia? Waulize nyuki wenyewe

Msimu uliopita nilifungua mzinga, sikuona malkia, nikaunganisha kundi na lingine siku hiyohiyo. Kesho yake asubuhi nikamkuta malkia mwali, yaani ambaye hajaanza kutaga, amekufa mlangoni. Alikuwemo muda wote.

Kwa hiyo usimtafute malkia. Nyuki wetu hukimbia hovyo kwenye sega, utamkosa. Tafuta mayai.

1. Nenda jua likianza kuinama, moshi kiasi. Inua sega la katikati, jua likiwa mgongoni kwako, uchungulie ndani ya vijumba. Yai ni kama kipande cha uzi mweupe kilichosimama. Yakiwa moja moja, malkia alikuwepo ndani ya siku 3 zilizopita. Funika, ondoka.

2. Hakuna mayai? Angalia vijumba vya malkia, vile vinavyoning'inia kama karanga yenye ganda. Kilichofunguka nchani ujue ametoka mpya. Hutoka siku ya 16 tangu yai litagwe, na huenda zikapita wiki mbili au tatu nyingine kabla hajaanza kutaga. Usimsumbue.

3. Bado una shaka? Wape sega lenye mayai na majana (watoto wa nyuki) machanga kutoka kundi lenye nguvu. Kung'uta nyuki wote kwanza, usije ukamhamisha malkia wa wenyewe! Rudi siku ya 4. Wakiwa wameanza vijumba vya malkia, hawana, waachie walee. Wasipojenga, huenda mwali yupo.

4. Mayai mengi kwenye kijumba kimoja, yamebandikwa ubavuni: wafanyakazi wanataga, na watazaa madume tu. Wapo wanaoongeza sega la majana kila wiki, mara tatu hivi, hadi kundi likubali kulea malkia. Mimi kundi likishakuwa dogo sihangaiki, naliunganisha na lenye nguvu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nimeona mayai mawili mawili, ila yako chini kabisa.
Subiri wiki moja, dada. Malkia anayeanza kutaga hukosea hivyo.

Mimi nina mzinga mmoja tu.
Omba kwa jirani kipande cha sega lenye mayai, ukubwa wa kiganja. Kifunike kwa kitambaa kibichi, kisipigwe jua, ukifunge kwenye kiunzi kwa kamba ya mgomba. Nyuki wataitafuna kamba wenyewe wakishakigandisha.

Wakinguruma sana nikifungua, si ndiyo dalili?
Ni dalili, kaka. Lakini hata moshi mwingi huwangurumisha.