Somo: Kumfunza mfanyakazi kupima usalama wa vifaa vya umeme kazini

Somo hili ni la wasimamizi wa hoteli, gesti na mikahawa ya Malindi waliokwisha kununua mashine ya kupima vifaa vya umeme na sasa wanajiuliza ni nani ataishika. Jibu langu ni mtu yeyote makini, mradi afunzwe kutazama kabla ya kufunzwa kupima. Kasoro nyingi huonekana kwa macho. Anayeanzia kwenye mashine huzoea kuiamini taa ya kijani, na taa hiyo haiwezi kuona msumari uliotiwa mahali pa fyuzi.

Hatua ya 1: Macho na mikono. Kusanya vifaa vya hapo hapo kazini: pasi, birika, blenda, feni, ekstensheni. Ongeza plagi chache ulizoziharibu makusudi. Moja nyaya za kahawia na buluu zimebadilishwa nafasi, nyingine athi (waya wa usalama, ule wa kijani na manjano) umechomoka, nyingine fyuzi imeviringishiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Zitie rangi nyekundu na uzifungie kabatini baada ya somo, zisije zikachomekwa.

Kila mwanafunzi afungue plagi kwa bisibisi yake na aseme kwa sauti anachokiona. Hapa usiharakishe hata kidogo. Sisi wa pwani tuna chumvi ya bahari: plagi inang'aa kwa nje, ukiifungua unakuta skrubu zimeota kutu na shaba imekuwa kijani.

Afundishwe pia hesabu ya fyuzi, yaani wati kugawanya kwa volti 240. Birika la wati 2,200 huvuta ampea 9 na kidogo, basi fyuzi yake ni ya 13. Feni ya wati 60 huvuta robo ampea, na fyuzi ya 3 yatosha. Ukiitia ya 13, waya wake mwembamba unaweza kuungua fyuzi ikiwa bado nzima.

Hatua ya 2: Kujua aina ya kifaa. Chenye alama ya mraba ndani ya mraba kina kinga mbili, yaani tabaka mbili za kuzuia umeme, na hakitegemei athi. Chenye bodi ya chuma bila alama hiyo, kichukulie kuwa kinaitegemea. Akikosea hapa, vipimo vyote vinavyofuata havina maana.

Hatua ya 3: Athi. Klipu ibanwe kwenye chuma kitupu, si juu ya rangi. Kwanza jua ukinzani wa waya wenyewe, yaani jinsi unavyouzuia umeme, ambao hupimwa kwa omu; kipimo kisiuzidi kwa zaidi ya omu 0.1. Autikise waya akipima, hasa unapoingia kwenye plagi na kwenye kifaa. Namba zikirukaruka, huenda nyuzi za ndani zimekatika. Mweleze sababu: waya wa moto ukigusa bodi, athi ndiyo njia ya umeme mwingi kupita kwa ghafla hadi fyuzi ikatike. Njia ikiwa mbovu, fyuzi haikatiki, na bodi inabaki na umeme mpaka mtu aishike.

Hatua ya 4: Kihami, yaani kile kinachozuia umeme usitoke nje ya nyaya. Mashine hupeleka volti 500, na asikiguse kifaa wakati huo. Swichi ya kifaa iwe imewashwa, la sivyo atapima waya tu na kuliacha koili la birika bila kupimwa. Kifaa cha athi kisipungue megaomu 1, na cha kinga mbili megaomu 2. Vifaa vya kielektroniki vingine haviwezi kustahimili volti 500, kwa hivyo asome kwanza kitabu cha mtengenezaji.

Hatua ya 5: Daftari na mamlaka. Aandike namba ya kifaa, tarehe, matokeo na jina lake. Kisha umpe ruhusa ya kweli ya kukiondoa kifaa kibovu, hata kama ni pasi ya pekee na wageni wanasubiri. Bila ruhusa hiyo, mafunzo yote ni bure.

Maswali yaliyoulizwa

*Fundi, kwani ni lazima tupime kila mwaka?*
Hata Uingereza, yenye kanuni za umeme kazini tangu 1989, sheria haikutaja mwaka. Tazama matumizi. Blenda ya jikoni inayoloa kila siku ipimwe mara nyingi kuliko kompyuta ya ofisini isiyosogezwa. Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe maelekezo, mafunzo na usimamizi, basi usimwachie mtu mashine bila somo.

*Mimi nina gesti Shela, Lamu, kwenye nyumba ya kale. Birika limefaulu vipimo vyote, lakini bado linanipiga kidogo. Mbona?*
Dada, acha kulitumia leo hii. Ulichopima ni birika, hukupima nyumba. Ikiwa soketi haina athi, birika zima nalo halina kinga. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta) aikague nyumba.

*Wageni wetu Waitaliano huja na chaja za pini mbili, na vijana husukuma kalamu kwenye tundu la athi ili ziingie. Kuna ubaya?*
Upo, kaka. Kile kifuniko cha ndani kimewekwa makusudi, na pini ya athi ndiyo pekee inayopaswa kukifungua. Pini nyembamba hushikwa kwa ulegevu, zikapata moto na kuiunguza soketi. Weka adapta nzuri pale mapokezi, uziandike kwenye daftari kama vifaa vingine, na zikaguliwe navyo.