Mzazi amekuja New York? Kabla ya kumpeleka Sanamu ya Uhuru

Tiketi nunua mapema, ukiwa nyumbani, kwenye tovuti ya Statue City Cruises. Ndiyo kampuni yenye ruhusa ya kuwashusha watalii kisiwani. Pale Battery Park, bustani zinakoondokea boti, utakutana na wapiga debe wenye vitambulisho shingoni. Wapite, kwani boti wanazouzia watu mara nyingi huizunguka tu sanamu na kurudi.

Tiketi za kupanda hadi kwenye taji huisha mapema sana, na ngazi zake 162 ni nyembamba, za kuzunguka, hazina lifti. Mzazi mwenye magoti mabovu mkatie ya kufika kwenye msingi, maana huko lifti ipo. Mfuko ukiwa mtupu, pandeni feri ya Staten Island. Ni bure, na mkitoka Manhattan kaeni upande wa kulia ili muione sanamu.

Mkiwa njiani msimulie habari ya mchango. Wafaransa walitoa sanamu, lakini msingi wa kuisimamisha ulikuwa juu ya Wamarekani, na fedha zikakwama. Mwaka 1885 Joseph Pulitzer, mwenye gazeti, akaahidi kuchapa jina la kila atakayechanga, hata awe ametoa senti. Wakachanga watu zaidi ya 120,000, wengi wao chini ya dola moja moja, zikapatikana dola zaidi ya 100,000. Sanamu yenyewe ilikuwa imeshafika kwa meli, vipande 350 ndani ya makasha 214, ikingoja pa kusimama hadi 1886. Aliyezoea harambee na kadi za michango hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kisha mwambie kuhusu miguu ya sanamu. Pale pana mnyororo uliokatika, ambao kutoka chini hauonekani vizuri, hivyo weka picha yake kwenye simu. Édouard de Laboulaye, Mfaransa aliyetoa wazo la zawadi hii, alikuwa mpinzani wa utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, miaka 13 tu kabla sanamu haijazinduliwa. Mama wa Bagamoyo ataukazia macho mnyororo ule kuliko mwenge, na mimi naona yuko sahihi.

Nanyi mlioko Paris, shukeni kituo cha metro cha Bir-Hakeim, mtembee kisiwa cha Île aux Cygnes hadi mwisho. Sanamu ndogo iliyopo pale ilitolewa na Wamarekani walioishi Paris, 1889. Nao walikuwa wanadiaspora. Tangu 1937 imeelekezwa magharibi, upande wa kwao.