Punda wa watoto: azoee kamba kwanza, mgongo baadaye

Kiangazi kikikolea Mbulu, Karatu au Kajiado, barabara za kuelekea visimani hujaa punda, na karibu kila punda ana madumu manne. Juu ya madumu amekaa mtoto wa miaka saba au minane, fimbo mkononi. Hebu tupige hesabu. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na ushee, kwa hiyo manne ni zaidi ya kilo 80. Mtoto ana kilo 22 hivi. Punda wengi wa kwetu wana kati ya kilo 120 na 160, na mzigo wa mgongoni haufai kuzidi theluthi ya uzito wa mnyama, yaani kilo 40 hadi 50. Mnyama huyo amebebeshwa mara mbili ya uwezo wake. Akigoma katikati ya njia tunamwita mkaidi, tunamchapa, kisha tunakumbushana kwamba fadhila ya punda ni mateke.

Kwa hesabu hiyohiyo, punda ni mnyama wa kupandwa na watoto, si watu wazima. Mtoto wa kilo 25 au 30 pamoja na tandiko jepesi ni mzigo wa haki. Baba wa kilo 80 ashuke atembee. Familia nyingi zina punda tayari kwa ajili ya maji, kuni na mavuno, na mtoto akifundishwa vizuri anapata mnyama wa kupanda na nyumba inapata mtu anayejua kumtunza.

Kuchagua mnyama

Usimkabidhi mtoto punda dume ambaye hajahasiwa, hata awe mpole namna gani nyumbani. Siku atakaponusa jike mwenye joto hatamsikiliza mtu mzima, sembuse mtoto. Dume ahasiwe na daktari wa mifugo, kwa ganzi, akiwa bado mdogo, kati ya miezi 6 na 18. Burdizo, yaani koleo la kuhasi bila kukata tunalolitumia kwa ng'ombe na mbuzi, haifai kwa punda. Jike ndiye chaguo zuri zaidi, ila akikaribia kuzaa (mimba huchukua miezi 12 hivi) au akiwa na mtoto mchanga apumzishwe, na watoto wasimsogelee bila mkubwa.

Umri utausoma mdomoni. Funua midomo ya mbele uangalie meno ya kukatia. Meno ya utotoni ni madogo, meupe, na yamebonyea karibu na fizi. Ya ukubwani ni mapana na ya manjano kidogo. Mawili ya katikati hubadilika punda akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata miaka mitatu na nusu, ya pembeni miaka minne na nusu. Ukiona ya pembeni bado ni ya utotoni, mifupa yake haijakomaa. Mfundishe kuongozwa kwa kamba, lakini mgongo uuache hadi hayo nayo yabadilike. Punda aliyetunzwa huishi zaidi ya miaka 30, kwa hiyo mwaka mmoja wa kusubiri si hasara.

Mguse masikio, mpapase tumbo, inua kila mguu. Anayekubali haya sokoni, katikati ya kelele, atakubali nyumbani. Na ukiweza nunua wawili waliozoeana. Punda hushikamana sana na mwenzake. Ukimtenganisha atalia, atagoma kula, na kila mara atageuka kurudi alikotoka akiwa na mtoto mgongoni.

Jambo moja la nje ya mafunzo. Biashara ya ngozi za punda kwenda China ilichochea wizi mkubwa, hasa Kenya baada ya machinjio kufunguliwa mwaka 2016, na mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kuipiga marufuku barani. Wezi hawasomi maazimio. Nunua mbele ya mashahidi na mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au chifu, upate karatasi, na punda alale bomani.

Hatamu na kamba

Vidonda vingi vya usoni vinatokana na kamba ya mkonge iliyofungwa puani. Shona hatamu ya mkanda bapa wa upana wa sentimita tatu au nne, wa turubai au pamba. Mikanda ya zamani ya kufungia mizigo ya lori inafaa ukiizungushia kitambaa, maana kingo zake hukata ngozi. Mpira wa ndani ya tairi usiuweke moja kwa moja kwenye ngozi: haunyonyi jasho, na nywele hunyonyoka.

Mkanda wa puani unakaa wapi? Papasa uso wa punda kuanzia chini ya jicho. Utakutana na mfupa wa shavu. Shuka vidole viwili chini yake, hapo ndipo mahali pake. Ukiendelea kushuka utafika mfupa unapoishia na nyama laini kuanza. Mkanda ukifika huko unambana pumzi, naye atarusha kichwa kila ukivuta. Baada ya kufunga, vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi. Waya au mnyororo mdomoni, hapana kabisa. Kumtesa mnyama au kumbebesha kupita kiasi ni kosa, Tanzania chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na Kenya chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama (Sura ya 360).

Kamba ya kuongozea iwe ya pamba, nene kama kidole gumba, urefu wa mita tatu. Kabla mtoto hajajua lolote lingine, ajue hili: kamba haizungushwi mkononi wala haifungwi kiunoni. Inakunjwa mkunjo juu ya mkunjo na kushikwa katikati, ili punda akikurupuka mtoto afungue kiganja na kumwachia. Punda aliyetoroka hurudi jioni. Mtoto aliyeburutwa anaweza kuvunjika mkono, au zaidi ya hapo.

Mafunzo ya chini

Mkubwa amwongoze punda peke yake wiki ya kwanza. Simama upande wa kushoto, usawa wa bega lake, usimtangulie kumvuta kama mtu anayevuta mtumbwi. Sema "twende", kaza kamba kidogo tu, usivute kwa nguvu. Akipiga hatua moja, hata nusu, legeza hapohapo. Siri yote iko kwenye kulegeza. Punda hujifunza kutokana na mkazo kuondoka. Ukiendelea kuvuta wakati tayari ameshatii, umemfundisha kwamba kutii hakuna faida. Kisha "simama", halafu "nyuma". Dakika 15 hadi 20 asubuhi na nyingine jioni zinatosha, na umalizie kwa jambo aliloliweza.

Nyumba nzima itumie maneno yaleyale. Nimeona boma ambako baba anasema "haya", mama "songa", kijana anapiga mluzi na mtoto anapiga kiboko, kisha wote wanashangaa punda haelewi. Chagueni maneno matatu, muyashike.

Wiki ya pili mtoto aingie, mkubwa akiwa na kamba ya pili. Mtoto wa miaka mitano au sita abaki na kazi ya kumsugua punda kwa brashi, mkubwa akiwa kando. Wa miaka saba hadi tisa anaweza kuongoza namna hiyo ya kamba mbili. Kuanzia miaka kumi, mwenye utulivu anaweza kuongoza peke yake ndani ya uwanja wa nyumbani. Umri ni kipimo cha kukadiria tu. Mtoto mtundu wa miaka 12 namweka nyuma ya mtulivu wa minane.

Afundishwe pia kuusoma mwili wa mnyama. Masikio yaliyolazwa nyuma kabisa, mkia unaochapwa huku na huku, mguu wa nyuma unaoinuliwa bila nzi: sogea mbali. Nyuma ya punda hapapitwi kwa umbali unaofikiwa na mguu wake akiunyoosha, kwani hapo ndipo teke lina nguvu zote. Ama pita umemgusa makalioni ukiongea naye, ama zunguka mita tatu. Wakati wa kusafisha kwato mtoto achuchumae, asipige magoti. Kumlisha kwa mkono tusimzoeshe, huzaa punda mng'ataji. Zawadi iwe kukunwa pale shingo inapokutana na mgongo, na mtaona midomo yake inavyocheza kwa raha.

Sasa kuhusu ule ukaidi. Farasi akiogopa hukimbia kwanza, anafikiri baadaye. Punda husimama, anapima. Mfuko wa nailoni uliokwama kwenye mwiba, kalvati, dimbwi, kivuli cha daraja, vyote hivi vinamsimamisha. Ukimchapa hapo atakumbuka kwamba mfuko wa nailoni unaleta maumivu, na kesho atagoma hatua kumi kabla ya kuufikia. Mwambie mtoto alegeze kamba, asimame kando ya bega, amwache punda atazame. Masikio yakielekea mbele na kichwa kikishuka, aombe tena: "twende". Mara ya kwanza mnaweza kukaa hapo hadi jua likawachoma. Mara ya tatu atapita. Na punda aliyekuwa akitembea vizuri miezi yote, leo amegoma ghafla, msimfundishe chochote. Fungueni tandiko mwangalie mgongo.

Kupanda

Punda akiongozeka na mtoto kwa mwezi mzima bila shida, ndipo mgongo uje. Mwekee tandiko tupu siku kadhaa. Kisha mfuko wa mahindi kilo 10, kisha 20, mkimzungusha uwanjani. Baada ya hapo mtoto alale kwa tumbo juu ya mgongo, ateremke, arudie, upande wa kushoto na wa kulia, mkubwa ameshika kamba. Akitulia, mtoto avushe mguu akae.

Akae juu ya mbavu, mbele ya kiuno, kwa sababu kiuno hakina mbavu za kukishikilia. Awe peke yake. Avae viatu vilivyofunika vidole, na tandiko lisiwe na vikanyagio, kwa sababu mguu ukinasa humo mtoto ataburutwa. Kofia ngumu ya wapanda farasi haipatikani kirahisi vijijini. Ya baiskeli iliyofungwa vizuri kidevuni ni afadhali kuliko kichwa kitupu. Dakika kumi, mwendo wa kutembea, kwenye udongo laini na si kokoto. Vijana wa Lamu wanaoshindana mbio za punda wakati wa Maulidi wamekua na wanyama hao tangu utotoni. Mbio zisiwe somo la kwanza.

Tandiko lenyewe ni mito miwili mirefu iliyojazwa majani makavu au blanketi kuukuu, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, katikati pakiwa na mfereji wazi. Viroba vya plastiki viacheni, vinachemsha ngozi. Kila mkimvua, mtoto apitishe kiganja mgongoni akibonyeza kidogo kwa vidole, na kuangalia jasho. Mgongo wote ukiwa na unyevu sawa, tandiko liko sawa. Ukiwa umelowa lakini kuna kiraka kikavu cha ukubwa wa kiganja, hapo panabanwa, na kidonda kinakuja. Nywele nyeupe ni alama ya kidonda cha zamani. Mwenye kidonda kibichi habebi kitu mpaka kipone, hata dumu moja.

Afya kwa ufupi

Maji safi ya kutosha, nyasi kavu au mabua, chumvi ya mifugo, kivuli. Kwato zikatwe kila wiki sita hadi kumi na mtu anayejua. Muulize daktari wa mifugo kuhusu minyoo, na kuhusu chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa. Hizi mbili zinawahusu watoto pia. Penye mbung'o, punda anayekonda huku anakula apimwe damu.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: mahindi yenye ukungu. Yale tunayoyatenga kwa kuwa hayafai kwa ugali, mara nyingi tunampelekea punda. Ng'ombe anaweza kustahimili. Punda na farasi sumu ya ukungu huo huwashambulia ubongo. Anaanza kuyumba, anaegemeza kichwa ukutani, haoni, anakufa ndani ya siku chache, na tiba hakuna. Yachomeni au yafukieni.

Wachache wenye farasi, kama baadhi ya mashamba ya Laikipia, Naivasha na chini ya Kilimanjaro upande wa magharibi, hatua za mafunzo ni hizihizi, ila mtegemee kukurupuka badala ya kugoma, na mtoto ashikiliwe kamba na mkubwa kwa muda mrefu zaidi. Farasi pia huuawa na ugonjwa unaoenezwa na visubi, ambao punda huustahimili vizuri zaidi. Waingizwe bandani kabla ya jua kuzama, wachanjwe kila mwaka.

Mkokoteni ni mafunzo mengine, na kwenye barabara ya lami si kazi ya mtoto. Nyumbani anaweza kukaa pembeni ya mkubwa na kushika kamba. Kijana wa miaka 16 na kuendelea anaweza kupewa lami mchana, breki zikiwa zinafanya kazi, vipande vya kuakisi mwanga vimebandikwa nyuma ya mkokoteni na kwenye hatamu. Jua likishazama, mkokoteni ubaki nyumbani.