Makala Moja kwa Wiki: Ratiba Yangu ya Kuandika

Mimi nauza misumari, rangi na mabomba hapa Tanga, na kila Jumamosi natoa makala moja kuhusu mji huu na vijiji vyake. Watu huniuliza muda naupata wapi. Siupati, nauiba, dakika 40 kila mara. Naiba hivi.

Hatua ya 1: Ichunguze wiki yako kabla ya kuipangia

Usianze kwa kuapa kwamba utaandika kila siku. Niliapa, nikadumu siku nne. Kwa wiki moja usiandike chochote, weka tu alama saa ambazo umekaa bila mtu kukuita. Nilidhani saa zangu ni za usiku, kumbe usiku nasinzia na simu mkononi. Zangu ni baada ya swala ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka kudai chai: saa 11 na nusu mpaka saa 12 na dakika 10. Chagua nafasi tatu za namna hiyo, basi. Mimi nimeshika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Hatua ya 2: Daftarini weka sentensi, usiweke neno

Daftari langu linakaa kwenye droo ya kaunta, kando ya kitabu cha madeni. Mwaka jana niliandika humo: "Mkonge." Wiki mbili baadaye nikalifungua. Mkonge umefanya nini? Mpaka leo sijakumbuka.

Mara ya pili alikuja mzee mmoja, mkataji mkonge wa zamani, kununua kufuli. Tukapiga soga. Alipoondoka tu nikaandika: "Mkataji hamalizi majani. Yale ya katikati yaliyosimama yanaachwa, la sivyo mmea unadumaa." Chini yake nikaongeza swali: "Mmea wa kwanza ulifikaje huku?"

Sentensi moja, swali moja. Sentensi inakukumbusha ulichosikia, swali linakusukuma ukatafute. Hilo langu ndilo lililonifikisha kwa Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Ilipitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Nimepita kando ya mashamba ya mkonge maisha yangu yote nikienda Korogwe, wala sikuwahi kujua kwamba yalianza na idadi unayoweza kuihesabu ukiwa umesimama. Kufikia hapo makala ilikuwa imeiva nusu, na sijaandika hata mstari.

Hatua ya 3: Jumatatu, simulia

Najirekodi kwenye simu kwa dakika tano, nikimsimulia mtu mmoja: dada yangu aliyeolewa Mwanza, ambaye hana subira na maneno mengi. Nikijisikia nasema "suala hili ni mtambuka", najua nimeshamsahau dada, nahutubia semina. Nafuta, naanza upya. Dakika zinazobaki natafuta majibu ya maswali ya daftarini.

Hatua ya 4: Jumatano, andika bila kurudi nyuma

Kwanza zima ule usahihishaji wa simu. Wangu ulikuwa unageuza kila "sana" kuwa "Santa", na kuna makala moja ilitoka ikiwa na Santa watatu. Kisha sikiliza rekodi yako na uandike moja kwa moja. Tarehe au jina likikupotea, weka XX, songa mbele. Muda ukiisha acha hapo hapo, hata kama ni katikati ya sentensi. Siku ya pili utakuwa na pa kushika.

Hatua ya 5: Ijumaa, kata

Soma kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, weka alama. Aya ya kwanza ishuku kila mara, maana mara nyingi ni kukohoa tu kabla ya kuimba. Rasimu yangu ya mkonge ilianza hivi:

"Mkonge ni zao muhimu la biashara ambalo limekuwa na mchango mkubwa katika mkoa wetu tangu enzi za ukoloni."

Nikaitupa yote. Ikawa:

"Mzee alinionesha kidole kilichochomwa na mwiba wa mkonge, kisha akaomba nimpunguzie bei ya kufuli."

Ukoloni nao ulipata nafasi yake, aya ya tatu, pamoja na Hindorf. Dakika 40 zikiisha, ondoka. Ukizidisha utaanza kurudisha ulivyokata.

Hatua ya 6: Weka akiba

Wiki mbovu lazima zije: umeme, homa ya mtoto, mzigo wa saruji unaofika alfajiri. Simu yangu iliwahi kutumbukia kwenye ndoo ya chokaa ikaondoka na rasimu mbili. Tangu siku hiyo kila Jumatano najitumia rasimu kwa barua pepe. Zaidi ya hapo, kuwa na makala mbili zilizokamilika ambazo huzigusi. Zisiwe na "jana" wala "wiki hii", zitachacha. Mwezi wa Ramadhani ratiba ikihamia baada ya daku, na usingizi ukashinda, unachota humo.

Ya mkonge ilikaa akibani miezi miwili. Niliitoa Jumamosi moja nikiwa msibani, nimekaa mkekani, kwa kubonyeza mara moja tu, kisha nikaenda kusaidia kushusha viti.